Kabla podikasti ya wanafunzi haijatoka nje ya darasa

"Habari za kazi, wakili. Nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari moja ya mkoa wa Lindi. Mwaka huu klabu yetu ya habari imetengeneza podikasti ya vipindi vitano. Tumerekodi kwa simu yangu, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kipindi cha kwanza kinahusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale, na ndani yake tumeweka kipande cha filamu ya makala tuliyoipata YouTube. Cha pili ni hadithi iliyosomwa yote kutoka kitabuni. Cha tatu kinahusu bei ya korosho na kina sauti ya mtangazaji wa redio. Cha nne, bibi wa mwanafunzi wetu anaimba nyimbo za unyago. Cha tano, wanafunzi wanahojiana kuhusu kutembea mbali kuja shule. Vyote vinaanza na biti ya wimbo wa bongo fleva unaovuma. Nataka kuviweka YouTube ili wazazi wasikie. Mwalimu mwenzangu anasema hii ni elimu na hatupati hata shilingi, kwa hiyo hakuna shida. Mwingine anasema wimbo usipozidi sekunde 30 ni ruksa. Mkuu wa shule ameogopa, amesema tufute vyote. Nani yuko sahihi? Na hii podikasti ni mali ya nani: yangu, ya shule au ya watoto?"

Mwalimu, salaam kutoka Mtwara. Kwanza nakuomba usifute chochote. Maadamu kazi imo kwenye simu yako na wameisikia wanafunzi wako tu, sioni mtu mwenye sababu ya kukufuata. Mkuu wako wa shule ameogopa kwa nia njema, lakini kufuta ni kuwaadhibu watoto kwa kosa ambalo halijatendeka. Nakili vipindi vyote mahali pa pili, kwenye kompyuta ya shule au hata kwenye fleshi, halafu tuvipitie kimoja kimoja.

Naona swali lako lina hofu mbili. Unaogopa shule isije ikaletewa barua ya mwanasheria kwa ajili ya kazi ya watoto. Na unaogopa, nadhani zaidi, kwamba kazi ambayo watoto wameifanya kwa moyo wote itaishia kabatini. Hofu zote mbili ni za haki. Wenzako wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila wamekitumia mahali kisipofaa.

Tuanze na sheria yenyewe. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Ndiyo iliyoanzisha COSOTA, ambayo tangu marekebisho ya 2022 ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ingawa jina fupi limebaki lile lile. Kwa sheria hiyo, kazi ya sanaa au maandishi inalindwa tangu inapotungwa. Haihitaji muhuri, haihitaji kusajiliwa, haihitaji kuandikwa "haki zote zimehifadhiwa". Kusajili COSOTA kunasaidia siku ya ushahidi, lakini haki yenyewe imeshazaliwa kabla ya hapo. Ulinzi wa mtunzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Na kwa kuwa nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, filamu iliyotengenezwa Ujerumani inalindwa Lindi kama wimbo uliorekodiwa Dar es Salaam.

Watu wengi hujikwaa hapa: "Lakini wimbo huu nimeulipia, nimeupakua kwa bando langu." Mimi nikinunua kilo ya korosho pale stendi ya Mtwara, korosho zile ni zangu, nitazila au nitamkirimu mgeni. Mkorosho haujawa wangu, na siwezi kwenda shambani kwa mwenyewe msimu ujao nikachume. Ulicholipia ni kusikiliza. Kuunakili wimbo, kuuchanganya na sauti nyingine na kuusambaza kwa umma ni matunda ya mti, na mti una mwenyewe.

Sasa huyo mwenzako anayesema elimu inaruhusiwa. Ni kweli, sheria imeacha mlango kwa walimu. Inaruhusu kazi ya mtu itumike kama mfano wa kufundishia, hata ndani ya kurekodi sauti, bila kuomba kibali, mradi matumizi yasizidi kile ambacho somo linahitaji, yawe ya haki kwa mwenye kazi, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe. Uzito wa ruhusa hiyo uko kwenye maneno "mfano wa kufundishia". Mwanafunzi akikata mistari miwili ya wimbo ili darasa lichambue takriri na sitiari, wimbo unafundisha. Biti ya bongo fleva mwanzoni mwa kipindi cha bei ya korosho haifundishi kitu, inapamba tu. Ukiniuliza mpaka uko wapi, jiulize: nikikitoa kipande hiki, somo litapungua au ladha tu ndiyo itakayopungua?

Jambo la pili ni nani anasikiliza. Darasani wasikilizaji wako unawajua kwa majina. Ukishapandisha kipindi YouTube, msikilizaji ni yeyote, kuanzia Nachingwea hadi Nairobi, wakati wowote, mara elfu. Kisheria hapo umeifikisha kazi kwa umma, na hiyo ni haki ambayo mwenye kazi amewekewa yeye. Kwa hiyo kitendo kile kile kilichokuwa halali asubuhi darasani kinaweza kuwa kosa jioni mtandaoni, na biti haikuongezeka hata sekunde moja.

Tukija kwenye hizo sekunde 30, naomba tulizike jambo hili kabisa, kwa sababu nalisikia kila ninapokaa na walimu na vijana wa studio. Sheria yetu haina idadi ya sekunde popote. Wengi hulihusisha jambo hili na mazungumzo ya Wamarekani, ambao sheria yao ya mwaka 1976, kifungu cha 107, ina kitu wanachokiita matumizi ya haki. Hata huko mahakama hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari yake kwa soko la mwenye kazi. Hakuna saa ya kuhesabu sekunde. Sekunde tano zikiwa ndicho kibwagizo kinachoujulisha wimbo kwa watu, umechukua roho yake.

Kutopata shilingi kunapunguza hasara ya mwenye kazi na kunaonyesha nia yako, lakini hakuleti kibali. Vivyo hivyo kumtaja msanii mwishoni mwa kipindi. Kumtaja ni deni moja, kuomba ruhusa ni deni jingine; kulipa la kwanza hakufuti la pili. Tena kumtaja ni deni zito, maana sheria inampa mtunzi haki ya kiadili: jina lake litajwe, na kazi yake isikatwekatwe kwa namna ya kumwaibisha. Kwa hiyo wafundishe watoto kutaja siku zote, hata pale kibali kipo.

YouTube nao wana utaratibu wao ambao hausubiri mahakama. Wana mfumo unaoitwa Content ID. Wenye nyimbo na filamu huweka nakala za kazi zao, mfumo unachukua alama ya kila moja kama tunavyochukua alama za vidole, halafu kila kinachopandishwa kinalinganishwa na alama hizo. Sauti ya mwanafunzi ikizungumza juu ya wimbo haiufichi. Ukikamatwa namna hii, mara nyingi ni dai tu: mwenye wimbo anaweza kuzuia kipindi, au kuchukua mapato ya matangazo yatakayowekwa juu yake. Dai si adhabu. Kitu kizito ni onyo la hakimiliki, ambalo huja pale mwenye kazi anapoomba rasmi kazi yake iondolewe. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima, pamoja na vipindi vyenu visivyo na kosa. Na usitegemee kuificha video kwa kiungo cha siri, mfumo unaipitia hiyo pia.

Basi tuishughulikie biti, maana imo katika vipindi vyote vitano na ndiyo rahisi kuiponya. Katika wimbo uliorekodiwa kuna haki zilizopandana. Kuna mtunzi wa mashairi na melodi. Kuna mwimbaji. Kuna prodyuza au kampuni iliyorekodi. Neno "hakishiriki" katika jina la sheria linawahusu hawa wa mwisho, waimbaji na watayarishaji. Ndiyo maana hata wanafunzi wakiuimba wimbo ule wenyewe kwa kupiga meza, wamekwepa rekodi lakini bado wamechukua utunzi. Unaweza kuuandikia uongozi wa msanii, na wapo watakaokubali kwa furaha, ila lazima ajibu mwenye mamlaka juu ya tabaka zote.

Njia nyingine ni muziki wenye leseni za Creative Commons, ambazo zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Kwa leseni hizi mtunzi anatoa ruhusa mapema kwa masharti yaliyoandikwa. Alama BY inataka umtaje. NC inakataza biashara. SA inataka kazi yako mpya nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo. ND inakataza kubadilisha, na kwa podikasti nakushauri uikwepe, kwa sababu kukata wimbo na kuuchanganya na maneno kunaweza kuhesabiwa kuwa umeubadilisha. Soma leseni ya wimbo wenyewe, usitosheke na kichwa cha habari kinachosema "muziki wa bure". Nimeona watu wakipakia upya nyimbo za wengine na kuziita za bure.

Lakini mimi ningekuwa mahali pako, Mwalimu, nisingetafuta mtandaoni kabisa. Una vijana wa Lindi. Kuna shule gani huku ambayo haina watoto watatu wanaojua ngoma, mmoja mwenye njuga na mmoja wa kupuliza filimbi? Wape kipindi kimoja cha mchana watunge mdundo wa sekunde kumi na tano. Rekodi chini ya mwembe, upepo ukitulia. Mdundo huo utakuwa wao, hautadaiwa na mtu, na mtu akiusikia atajua podikasti hii imetoka Kusini.

Sasa kipindi cha Tendaguru, ambacho kwangu ndicho chenye somo zuri zaidi. Habari za mjusi yule hazina mwenyewe. Kwamba Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, kwamba mifupa ilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi, kwamba mifupa imesimamishwa Berlin katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe, ikiwa na urefu unaozidi mita 13 kwenda juu: hayo ni mambo yaliyotukia, na hakimiliki hailindi mambo yaliyotukia wala mawazo. Inalinda namna mtu alivyoyasema, alivyoyapiga picha, alivyoyapanga. Kwa hiyo wanafunzi wako wanaweza kuisikiliza filamu ile, wakalinganisha na vitabu, kisha wakasimulia kwa maneno yao. Wasitafsiri sentensi kwa sentensi, kwani tafsiri nayo ni haki ya mtunzi.

Na je, kile kipande chenyewe? Hapa kuna ruhusa ambayo walimu wengi hawaijui, ya kunukuu. Sheria inaruhusu nukuu fupi kutoka kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kihalali, kwa kiasi ambacho lengo linahitaji, ukitaja chanzo na mtunzi. Haibagui kitabu na sauti. Tuseme msimulizi wa filamu anaeleza kana kwamba wachimbaji walikuwa Wajerumani peke yao. Mwanafunzi anakiweka kipande hicho, anakisimamisha, anasema: "Umesikia? Hakuwataja wapagazi wala vibarua wetu." Hiyo ni nukuu yenye kazi. Kipande kimeletwa ili kijibiwe. Lakini kama sauti ya filamu inapita chini chini kwa dakika tatu ili kipindi kinoge, au inasimulia historia badala ya mwanafunzi, huo ni mkopo usioombwa. Nenda ukakisikilize tena kipindi chenu kwa sikio hilo. Kama kipande hakijibiwi, ama waandikie wanafunzi kazi ya kukijibu, ama kitoe. Na angalia pia muziki wa filamu ulio nyuma ya msimulizi, Content ID itaukamata hata pale ambapo nukuu yako ni halali. Ikitokea hivyo una nafasi ya kupinga dai na kujieleza, ila ujue anayekujibu kwanza ni aliyedai.

Hadithi iliyosomwa yote kutoka kitabuni haiwezi kwenda YouTube bila kibali. Kusoma kwa sauti na kurekodi ni kuinakili kazi nzima, na hakuna nukuu yenye ukubwa wa hadithi nzima. Darasani endelea kuitumia. Ukitaka itoke, mwandikie mchapishaji aliyetajwa ukurasa wa mwanzo wa kitabu, iwe ni kampuni au Taasisi ya Elimu Tanzania. Mweleze ni hadithi gani, itasikika wapi, kwa muda gani, kwamba ni kazi ya shule isiyo ya biashara, na uambatishe sauti aisikie. Kimya chake si kibali, hata ukisubiri mwaka.

Kuna njia ya pili: kazi ambazo muda wake umekwisha. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo ile miaka 50 ilitimia 2012, na maandishi yake mwenyewe yako huru kwa sheria ya hapa kwetu. Angalia tu kwamba dibaji, maelezo na michoro iliyoongezwa na wengine katika matoleo mapya ni kazi za hao wengine. Na njia ya tatu, ambayo mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuambiwa, ni hadithi ambazo watoto wametunga wenyewe.

Korosho haitatusumbua. Bei ya mnadani ni habari, na sheria haizilindi habari za siku zinazotangazwa. Sauti ya mtangazaji na matangazo ya redio ndiyo mali ya watu. Ondoeni sauti yake, mwanafunzi asome bei mwenyewe na aseme ameisikia redio gani siku gani. Mkiweza, nendeni kwenye chama cha msingi mkamrekodi katibu au mkulima mmoja akieleza stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kuuza korosho zikiwa ghalani, kwa maneno yake, kwa ridhaa yake. Kipindi kitakuwa bora kuliko kilivyokuwa.

Nimefika kwa bibi, na hapa nakuomba twende polepole.

Watu husema nyimbo za asili hazina mwenyewe, basi ni za kuchukua. Sivyo. Sheria ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Mtu anayezitumia nje ya mazingira yake ya mila na kwa ajili ya faida anatakiwa kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Matumizi ya elimu yamesamehewa kibali hicho, na ninyi hamfanyi biashara, kwa hiyo upande huo mko salama. Bado ni wajibu wenu kutaja wimbo ni wa jamii gani na wa mahali gani. Msiseme "wimbo wa kienyeji". Semeni ni wa Wamwera wa kijiji fulani, au wa Wamakonde, au wa Wayao, kama bibi mwenyewe anavyoutaja.

Halafu muulizeni swali ambalo wengi hulisahau: nani aliutunga? Kuna nyimbo zilizorithiwa tangu enzi zisizojulikana, na kuna nyimbo ambazo sisi vijana tunaziita za asili kumbe zilitungwa na kiongozi wa kikundi cha ngoma ambaye watu wazima wa kijiji wanamkumbuka kwa jina. Wimbo wa namna hiyo ni utunzi wa mtu. Kama yu hai, anaombwa yeye. Kama amefariki, wanaombwa warithi wake mpaka miaka 50 ipite. Nimewahi kusaidia familia moja iliyosikia wimbo wa baba yao ukitumiwa na wageni kama "ngoma ya jadi", hakuna aliyekuwa amewauliza. Hawakutaka fedha nyingi. Walitaka jina la baba yao litamkwe.

Tena bibi mwenyewe ni mwimbaji, na mwimbaji ana haki juu ya uimbaji wake, hata wimbo ukiwa wa jamii nzima. Kurekodiwa kwake na kusambazwa kwake vinahitaji ridhaa yake. Kukubali kumwimbia mjukuu wake barazani si kukubali kusikika na dunia. Mrudieni. Mpigieni sauti yake aisikie, mweleze kwamba kwenye YouTube hata mtu asiyemjua ataisikia, na kwamba ikishatoka hairudi kirahisi. Kama hasomi, rekodini ridhaa yake kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kwake: jina lake, tarehe, nyimbo zipi anaziruhusu, zitasikika wapi, na kwamba anaweza kubadili mawazo nanyi mtaziondoa. Mpeni nakala kwenye simu ya mwanawe. Siku ya wazazi mwalikeni akae mbele.

Liko jambo lililo juu ya sheria. Nyimbo za unyago si zote za kusikika nje. Nyingine mwali hufundishwa ndani, na wanaume hawatakiwi kuzisikia, seuze ulimwengu. Bibi anaweza kuwa ameimba moja ya hizo kwa kumpenda mjukuu tu. Mwenye neno hapa si wakili wala mwalimu, ni kungwi na nyakanga wa huko, yaani wanawake wanaofunda wali na kusimamia unyago. Mtume mwalimu wa kike au mama wa mwanafunzi akawasikilize. Wakisema wimbo huu hautoki, hautoki, hata kama sheria haikukatazi. Sheria inalinda mengi, lakini haikutungwa kwa kufikiria siri ya unyago, na ningehuzunika kuona klabu ya shule ndiyo iliyoitoa nje. Zitakazoruhusiwa, na zipo nyingi za kufurahia na kumpokea mwali, zitafanya kipindi kizuri.

Kuhusu mali ya nani. Wanafunzi si waajiriwa. Kanuni ya kwamba kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri wake inakuhusu wewe kwa yale unayoyaandika katika kazi yako ya ualimu, haiwahusu wao. Aliyeandika maneno ya kipindi ndiye mwenye maneno hayo, na waliotunga pamoja wanamiliki pamoja. Shule haiwi mwenye mali kwa sababu tu ya kutoa chumba, wala wewe kwa sababu ya simu. Kwa hiyo na shule nayo inaomba ruhusa: karatasi fupi ambayo mwanafunzi na mzazi wanasaini, inayosema shule inaweza kukiweka kipindi kwenye chaneli yake, bila biashara, na jina la mtoto litatajwa kwa namna anayoitaka. Mzazi lazima asaini kwa kuwa wengi wako chini ya miaka 18. Watoto wakijiona wanaombwa ruhusa kwa ajili ya kazi yao wenyewe, hutahitaji kuwaeleza mara mbili kwa nini nao wanamwomba msanii.

Saini hiyo hiyo ya mzazi inakusaidia upande wa faragha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sauti na jina la mtoto si vitu vya kutawanya ovyo. Kipindi cha tano kinanitia wasiwasi hapo tu: mtoto akitaja anapoishi, njia anayopita na saa anayotembea peke yake, mmemtangazia mtu mbaya ratiba yake. Kateni majina ya vijiji na njia, tumieni jina la kwanza au la kupanga. Hoja ya umbali itabaki na nguvu yake.

Kabla ya kufungua chaneli, mkuu wa shule awaulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa maandishi kama chaneli ya namna hiyo inahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni, kwa kuwa wanazo kanuni zao za mwaka 2020 na marekebisho yaliyofuata. Na kama lengo ni wazazi kusikia tu, fikirini pia siku ya wazazi na spika mbili ukumbini. Ni wazazi mnaowajua, ndani ya shule, na hatari inapungua sana. Kundi la WhatsApp la wazazi halipo salama kama linavyoonekana. Ujumbe ukishatumwa mbele hauna mlango tena.

Usitegemee jibu langu hili peke yake endapo barua ya madai imefika shuleni, endapo kampuni inataka kufadhili au redio inataka kununua vipindi, au endapo kuna ugomvi wa nani aliyetunga wimbo wa bibi. Hapo onana na mtu ana kwa ana. Mlango wa kwanza ni Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, atakuunganisha na COSOTA na BASATA. Kwa ushauri usio na malipo, uliza wasaidizi wa kisheria wa wilaya wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Barua ya madai usiijibu kwa hasira wala usiipuuze: ondoa kipindi kwa muda, weka nakala, kisha tafuta ushauri.

Mwonyeshe mkuu wa shule ukurasa huu. Kipindi cha korosho kikishatolewa biti na sauti ya redio, na wazazi wa walioshiriki wakisaini, kinaweza kutangulia, na cha kutembea shuleni kifuate kikishakatwa majina ya njia. Tendaguru kipeni wiki moja ya kazi. Hadithi isubiri jibu la mchapishaji. Cha bibi kiwe cha mwisho, baada ya mjukuu wake kukaa naye barazani na kuuliza wimbo mmoja mmoja.